Maswali Yenu: Ibada ya Kila Siku Katikati ya Foleni

Safari hii maswali mengi yameangukia jambo moja: mtu anataka kuswali, kusali au kusoma Neno kila siku, anaanza vizuri, mwezi hauishi ameshaacha. Mimi si sheikh wala padri. Panapotaka hukumu ya dini nitakupeleka kwa mwenye elimu yake, mengine nitajibu kama mkazi wa mji huu.

Msomaji wa kwanza anaandika: Nakaa Kimara, nauza vitambaa Kariakoo. Natoka kabla ya adhana ili nipate kiti kwenye mwendokasi. Nikifika ni kufungua duka, kupokea mzigo, wateja, na jua limeshachomoza. Alfajiri inanipita karibu kila siku.

Tuanze na saa. Dar iko karibu na ikweta, kwa hiyo Alfajiri haihami sana. Novemba inaingia mnamo saa kumi na dakika arobaini na kitu, Julai mnamo saa kumi na moja na dakika ishirini. Jua nalo huchomoza kati ya saa kumi na mbili kasoro dakika chache na saa kumi na mbili na nusu hivi. Mwaka mzima una zaidi ya saa nzima ya kuswali, ndugu yangu. Muda unao, kinachokuangusha ni duka.

Miezi ya Novemba na Desemba adhana inakukuta bado unavaa viatu, basi swali kwanza ndipo utoke. Kiti utakipata basi linalofuata, au utasimama kama sisi wengine. Miezi ya Juni na Julai tawadha nyumbani, panda basi, na ukishuka nenda msikitini moja kwa moja, mikono mitupu, kabla hujaliona duka lako. Kariakoo haina upungufu wa misikiti. Manyema upo, Mtoro upo. Shida yako inaanza pale unapojiambia "nifungue kwanza kidogo". Ukishaingiza ufunguo kwenye kufuli, umeshindwa. Na mwenye mzigo mwambie mapema kwamba hupokei kabla ya saa kumi na mbili na nusu. Atanung'unika siku mbili, kisha atazoea.

Nilianza Januari mpango wa kumaliza Biblia kwa mwaka. Nimekwama Mambo ya Walawi, na sasa niko nyuma sura zaidi ya sitini. Nizikimbize, au nisubiri Januari nianze upya?

Usizikimbize, wala usisubiri. Biblia ya vitabu 66 ina sura 1,189, yaani sura tatu na ushei kila siku. Ukiugua malaria wiki moja tu, unaamka na deni la sura 23. Deni hilo ndilo linalowafukuza wasomaji, si Walawi (ingawa Walawi, tuseme ukweli, huwafungulia mlango wa kutokea). Chukua kalamu, futa tarehe zote kwenye mpango wako, kisha soma sura inayofuata pale ulipoachia. Kwa sura mbili kwa siku, Biblia nzima huchukua mwaka na miezi saba na kitu. Hakuna andiko lililoagiza miezi kumi na miwili.

Hapa kuna utafiti unaofaa kuujua. Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu cha UCL, London, waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea tabia mpya za kula, kunywa na mazoezi. Kwa wastani tabia ilichukua siku 66 kuzoeleka, lakini tofauti zilikuwa kubwa: kuna waliohitaji 18, na kuna waliokadiriwa kuhitaji 254. Kilichonivutia mimi ni kwamba kuruka siku moja hakukuharibu kitu cha maana. Sala haikuwemo kwenye utafiti ule, najua. Lakini ukitazama wanaoacha ibada, wengi hawakuangushwa na ile siku waliyoikosa. Waliangushwa na aibu ya siku ya pili yake.

Nasoma Neno kwenye simu, lakini nikiifungua najikuta WhatsApp.

Nunua la karatasi.

Ni Mkatoliki, nasali rozari kila jioni kwa miaka. Miezi ya karibuni sisikii chochote. Maneno yanatoka mdomoni tu. Je, si unafiki kuendelea?

Dada, mnafiki ni yule anayesali ili aonekane. Wewe unasali peke yako chumbani na hupati hata raha yake, sasa unafiki unatoka wapi?

Hali hii ni ya kale. Zaburi ya 13 inaanza kwa Daudi kumuuliza Mungu atamsahau hata lini, na swali hilo limewekwa ndani ya kitabu cha sala chenyewe, halikufichwa. Barua za Mama Teresa wa Kolkata zilizochapishwa 2007, miaka kumi baada ya kifo chake, zilionyesha kuwa kwa miongo mingi alisali bila kuhisi uwepo wa Mungu. Masista waliokuwa wakipiga magoti kando yake kanisani hawakujua.

Mimi nadhani makanisa yetu ya mjini, pamoja na mikesha na vipaza sauti vyake, yametuzoesha kupima sala kwa msisimko. Rozari haikutengenezwa kwa ajili hiyo. Inarudiarudia kwa makusudi, ili siku ambazo huna neno lako upate pa kushika. Kama makumi matano ni mazito sasa, sali kumi moja, yaani Salamu Maria kumi, taratibu, ukikaa na tendo moja tu la maisha ya Yesu au Maria. Alhamisi jaribu Matendo ya Mwanga, yale aliyoyaongeza Papa Yohane Paulo wa Pili mwaka 2002, kama bado hujayazoea. Na ukiona ukavu huo umekula hadi usingizi na hamu ya chakula, nenda hospitali pia. Kuna huzuni ambayo ni ugonjwa, na inatibika.

Niliacha kuswali nilipoingia chuo, miaka mitatu. Sasa nimerudi, lakini deni linanitisha.

Masheikh wengi, wakiwemo wa madhehebu ya Shafii ambao ndio wengi huku pwani, wanasema hulipwa. Miaka mitatu ni swala 5,475 za faradhi. Kama wewe ni mwanamke, siku zako za hedhi ziondoe, hazilipwi. Inatisha ukiitazama yote. Lakini ukiswali kadha moja, yaani swala moja ya kulipa deni, baada ya kila faradhi ya leo, haizidi miaka mitatu, na kila moja ni dakika chache. Bibi Aisha amepokea kwa Mtume, katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim, kwamba amali ipendezayo zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile idumuyo, hata ikiwa ndogo. Mpangilio wenyewe kamuulize sheikh wa msikiti wenu, na daftari la hesabu weka.

Nimepanga chumba Mabibo. Naomba kwa sauti saa tisa usiku, na jirani amenishtaki kwa mwenye nyumba. Je, ni vita vya kiroho?

Hapana, ni ukuta mwembamba. Hana, katika Samweli wa Kwanza, aliomba midomo ikitikisika tu bila sauti kusikika, na akapewa mtoto. Jirani yako huenda anaamka saa kumi kuwahi samaki Feri. Mwombe radhi, kisha omba kimoyomoyo siku za wiki. Ukihitaji kupaza sauti, kanisani kwenu bila shaka kuna mkesha wa Ijumaa.