Mbwa akikataa dagaa, mfunue fizi

Mbwa wangu Chui hajawahi kukataa dagaa. Kwa hiyo asubuhi ile aliponusa sufuria, akageuka na kwenda kujilaza pembeni ya tangi la maji, nilipaswa kushtuka. Wapi! Nikasema ni joto la Februari, nani asiyelijua joto la Dar? Kesho yake nikampa dawa ya minyoo, maana huku kwetu Tabata mbwa akiumwa chochote tiba ni hiyo hiyo. Siku ya tatu nikakuta matone ya damu sakafuni, yanamtoka puani.

Daktari wa mifugo alifika na bodaboda. Nilidhani ataanza na pua, kumbe akamfunua mdomo kwanza. "Kaka, njoo uone fizi hizi." Zilikuwa zimepauka kama nyama iliyolowekwa usiku kucha. Mbwa mzima fizi zake ni za waridi, na ukizibonyeza kwa kidole rangi inarudi haraka. Chini ya tumbo, pale pasipo na manyoya, kulikuwa na vidoadoa vyekundu kana kwamba mtu amemdonoa kwa ncha ya kalamu. Joto lake lilizidi nyuzi 40, na la kawaida halivuki sana 39.

Alichukua damu ikapimwe, na hapa ndipo naomba usibahatishe. "Homa ya kupe" tunayoisema mtaani si ugonjwa mmoja. Chui alikuwa na erlikia, kijidudu kinachokaa ndani ya chembe nyeupe za damu na kupunguza zile chembe za kugandisha damu. Ndiyo maana pua ilivuja. Kuna babesia pia, kijidudu kingine kinachopasua chembe nyekundu. Mbwa mwenye babesia mkojo wake unaweza kutoka mweusi kama kahawa, na fizi zikageuka njano. Erlikia inatibiwa kwa vidonge vya doksisaiklini. Babesia ni sindano ya imidokarbu, ambayo mara nyingi hurudiwa baada ya siku 14. Na mbwa mmoja anaweza kuwa nazo zote mbili.

Jirani alinishauri nimpe diklofenaki ya kutuliza homa. Usithubutu. Dawa za maumivu za binadamu zinaweza kumtoboa tumbo na kumharibu figo, sembuse mbwa ambaye tayari anavuja damu.

Dozi ya doksisaiklini aliyoandikiwa Chui ilikuwa miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito, kila siku, kwa siku 28. Chui ana kilo 20, kwa hiyo vidonge viwili vya miligramu 100, navificha ndani ya tonge la ugali kwa sababu akivimeza tumbo tupu anatapika. Siku ya tatu alishakula. Siku ya kumi alikuwa anabwekea bajaji, nami nikaacha dawa. Nani anamaliza vidonge kwa mbwa anayerukaruka? Baada ya wiki chache pua ikavuja tena, tukaanza moja. Daktari hakunigombeza, alisema tu vimelea hivi vinaweza kujificha mwilini miezi, hata miaka.

Kisha akauliza analala wapi. Usiku nikawasha tochi ya simu kwenye ukuta wa uzio ambao sijapiga plasta tangu nijenge: kupe wanapanda matofali taratibu, wengine wamejibana kwenye nyufa. Kupe wa mbwa hutumia sehemu kubwa ya maisha yake nje ya mbwa, na jike mmoja hutaga maelfu ya mayai humo nyufani. Mimi nilikuwa namwogesha Chui tu! Nikachoma gunia lake, nikaziba nyufa kwa saruji, nikapuliza dawa ya kupe niliyoelekezwa, na baada ya wiki mbili nikapuliza tena kwa ajili ya walioanguliwa. Chui mwenyewe nilimfungia ndani mpaka dawa ikauke.

Siku hizi kila Jumamosi namkagua ndani ya masikio na katikati ya vidole. Nikimkuta kupe, namkamata kwa kibano karibu kabisa na ngozi na kumvuta taratibu. Simpaki mafuta ya taa wala simchomi na kiberiti. Jumamosi iliyopita alikuwepo mmoja, sikio la kushoto, bado hajashiba.