Nilitolewa kwenye bendi, Bags na Trane ndo wakanifundisha kunyamaza

Juzi kijana mmoja kanitumia meseji. Anapuliza domo la bata, yaani saksafoni, kanisani kwao, sa hivi kaanza kuitwa kwenye maharusi, akanirushia na kiklipu cha dakika 4. Swali lake fupi tu: "Kaka shikamoo, nifanyeje ili solo zangu zisikike?" Nikacheka peke yangu kwenye daladala, maana miaka 3 iliyopita hilo lilikuwa swali langu kabisa na jibu nililojipa lilinifukuzisha kazi.

Nilikuwa napiga na bendi kwenye hoteli moja ya ufukweni, Ijumaa na Jumamosi, muziki laini wa watu wanaokula. Sasa mi kipindi hicho nilikuwa naumwa John Coltrane, yule mpuliza saksafoni wa jazz wa Marekani, asubuhi Coltrane, jioni Coltrane, zile noti zinazomwagika kama mvua ya masika, nikaamua wageni wanaokula pweza nao lazima wazipate. Mpiga kinanda wetu, mzee mmoja mpole, alikuwa anaipenda ile sauti ya vaibu, yaani vaibrafoni, kwenye kinanda chake, anabonyeza noti moja afu anaiacha inaning'inia hewani. Mi nikawa naona hapo ndo pana nafasi. Akiacha noti, naingia. Akirudi, bado nipo. Usiku mmoja katikati ya wimbo wa taratibu nikageuka nikamkuta kaondoa mikono yote kwenye kinanda, kaiweka mapajani, ananiangalia. Nikadhani ananikubali! Nikaongeza.

Jumatatu naamka, grupu la WhatsApp la bendi silioni, nimetolewa. Hakuna simu, hakuna pole, na hela ya wikendi ile mpaka leo sijaiona. Nisiwadanganye, bado inaniuma.

Wiki ile nimejifungia ndani nikaanza kutafuta vitu vya Coltrane ambavyo sijawahi kuvipa muda, nikatua kwenye albamu ya Bags & Trane, Trane ndo Coltrane mwenyewe. Nilikuwa naipitaga tu. Wengi tunaipitaga, kwa sababu ilirekodiwa New York tarehe 15 Januari 1959, halafu mwezi wa 3 Coltrane kaingia studio na mpiga tarumbeta Miles Davis kwa ajili ya albamu ya Kind of Blue, mwezi wa 5 karekodi sehemu kubwa ya albamu yake ya Giant Steps, sasa nani atakumbuka ya Januari? Hata Atlantic wenyewe, kampuni ya rekodi, waliitoa mwaka 1961.

Bags ni Milt Jackson, mtoto wa Detroit, kazaliwa 1923, jina la utani kalipata kwa ile mifuko ya chini ya macho. Chombo chake ni vaibrafoni. Kama hujawahi kuiona, ni ndugu yake marimba ila pau zake ni za chuma, chini ya kila pau kuna bomba, na mdomoni mwa bomba kuna kisahani kinachozungushwa na mota, hicho ndo kinafanya sauti itetemeke. Miguuni kuna pedali, ukiikanyaga noti inaendelea kulia, ukiiachia inakatika. Wapiga vaibu kama Lionel Hampton walikuwa wanaachia mota izunguke kwa kasi. Jackson akaipunguza sana, ndo maana noti yake haitetemeki kama mwenye homa, inapanda na kushuka taratibu kama mtu anayeimba.

Na hapa ndo nilipokamatwa. Sisi wapulizaji mapafu ndo bosi wetu, ukiishiwa pumzi utanyamaza tu utake usitake. Mpiga vaibu hana shida hiyo, ana mikono, anaweza kupiga mpaka asubuhi. Lakini kwenye albamu ile Jackson, ambaye hahitaji pumzi, ndo anaacha mapengo kama mtu anayevuta pumzi, anapiga sentensi, anatulia, noti ya mwisho inalia mpaka inafifia. Mimi nilikuwa naziona zile noti zinazofifia kama kiti kitupu. Kumbe mwenyewe bado kakaa!

Coltrane naye hakuja mnyonge pale. Mwaka mmoja kabla, mwandishi Ira Gitler alishazibatiza zile noti zake "mashuka ya sauti", na mashuka yapo, sikiliza Be-Bop, wimbo wa mpiga tarumbeta Dizzy Gillespie, bosi wao wa zamani wote wawili, mle hakuna anayemwonea mwenzie huruma. Ila nenda kwenye The Night We Called It a Day uone anavyotembea pole pole, noti zinahesabika. Mtu yule yule, siku ile ile.

Kitu kingine, angalia walivyopanga watu. Jackson kaja na Connie Kay, mpiga drams mwenzie wa bendi ya Modern Jazz Quartet, Coltrane kaja na Paul Chambers, mwenzie wa besi kwenye bendi ya Miles. Katikati Hank Jones kwenye piano. Piano na vaibu ni wake wenza jiko moja, wote wanapika kodi zile zile, yaani noti zinazopigwa kwa pamoja, wakijisahau kidogo ni vurugu. Hank Jones anaweka mbili tatu, anatoka. Huyu ndo nampenda kuliko wote mle ndani, na hata kwenye jina la albamu hayupo.

Sasa ushauri, maana najua mmekuja kwa hilo. Sikiliza The Late Late Blues, dakika 9 na ushee, usiguse domo la bata. Sikiliza tena, safari hii mfuate Jackson peke yake. Afu sikiliza tena umfuate Hank Jones. Najua nimesema sikiliza mara tatu, ndo ushauri wenyewe huo, sina mwingine. Mimi nilifanya hivyo mwezi mzima, nikapata bendi nyingine, na mwezi uliopita tumepiga harusi moja Mbezi, nimepuliza noti nne tu kwenye wimbo wa kuingilia maharusi nikaacha kinanda kimalizie, mpaka MC kanyamaza. MC! Mnawajua MC wa bongo.

Vijana mnapenda sana kuonekana. Mnanunua mauthipisi za bei mbaya, mnajirekodi mbele ya kioo, lakini ukimuuliza mtu mpiga besi wako alipiga nini kwenye ule wimbo hajui. Mpiga drams je? Hajui. Muziki siyo foleni ya mwendokasi kwamba usiposukuma hupandi. Yule mzee wa kinanda alinivumilia miezi kadhaa na sikuwahi kumuuliza hata siku moja kama anasikia vizuri anachopiga.

Basi nikamjibu yule kijana. Nikamwambia klipu yako nimeisikiliza mara mbili, vidole viko vizuri, hongera, ila niambie kwanza, huyo anayepiga kinanda nyuma yako ni nani, na kwenye dakika ya pili alikuwa anataka kusema nini ukamkata?

Akakaa kama dakika ishirini, akajibu: "Hamna mtu kaka, hiyo biti nimeishusha YouTube."