Kabla hamjagombania muhuri wa SIRI

Taasisi kadhaa zikikaa kubadilisha utaratibu wa kulinda nyaraka za siri, wengi hudhani mvutano utakuwa baina ya wanaotaka kuficha na wanaotaka kufungua. Kinachogombewa hasa ni nani mwenye waraka, na nani atakayebeba lawama ukivuja. Lianzeni hilo. Mkianza na rangi za majalada, mtakutana mwaka mzima.

Tuchukue bandari ya Malindi, Unguja. Polisi ni chombo cha Muungano, KMKM (Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo) ni idara maalum ya SMZ, yaani Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, na Shirika la Bandari lina uongozi wake. Tuseme mmoja wao ameandika waraka wa usalama, akaupiga muhuri na kuwapelekea wenzake nakala. Nani ana haki ya kuushusha daraja la usiri? Aliyeuandika. Mpokeaji hashushi, hatoi nakala nyengine wala hampi mtu wa nne bila ya ruhusa ya maandishi. Kifungu hicho kiwe cha kwanza, kwa sababu bila yake kila taasisi itaficha kilicho bora na kuwagaia wenzake makapi.

Lakini haki hiyo ina gharama yake. Ripoti moja ikibeba aya za taasisi tano, kuifungua kunataka idhini tano. Marekani wameliona hilo kwa kiwango cha kutisha: mwaka 2009 Rais Obama alipotia saini Amri ya Rais nambari 13526, kurasa zipatazo milioni 400 zilikuwa zikisubiri kupitiwa. Sababu moja kubwa ni kwamba ukurasa mmoja ulizungushwa taasisi moja baada ya nyengine, kila mmoja akingoja zamu yake. Dawa yake ni kuweka alama ya siri kwenye kila aya, pamoja na kifupi cha taasisi iliyoitoa. Muhuri wa jalada la juu peke yake unafungia kurasa 30 kwa ajili ya sentensi mbili.

Halafu kuna madaraja yenyewe. Uingereza, Aprili 2014, ilipunguza alama zake zikabaki tatu, na daraja la kati la zamani, CONFIDENTIAL, likaondoka kabisa. Halikuwa na mwenza wa moja kwa moja katika mpango mpya, na washirika wa nje waliendelea kulitumia lao. Kwa hiyo msiandike madaraja mapya bila ya jedwali linalosema alama ya kwetu inalindwaje kwa mwenzetu: kabati gani, nani anaruhusiwa kusoma, inapitia njia gani. Majalada ya zamani yaacheni na mihuri yake mpaka yatakapotolewa kabatini kwa kazi. Kuyapiga mihuri upya yote kwa pamoja ni kuwafungulia makarani makabati yote kwa mwezi mzima.

Usafirishaji ndipo utaratibu unapovunjika kimya kimya. Waraka unatoka Unguja kwenda Chake Chake: bahasha mbili. Ya ndani ina muhuri wa siri mbele na nyuma, cheo cha mpokeaji, na hati ya kupokelea ndani yake. Ya nje ina anwani na nambari ya kumbukumbu basi. Kosa la kawaida ni kupiga SIRI bahasha ya nje ili iheshimiwe. Inapita mikono ya bandarini Malindi, inashuka Mkoani, na kila aliyeiona ameshajua ya kuiba ni ipi. Lakiri, ile nta ya kufungia bahasha, nayo hulainika juani, ikanata kwenye bahasha ya jirani na kubanduka, na hapo hakuna awezaye kusema kama imefunguliwa au la. Bora saini juu ya maungio, na utepe wa gundi angavu juu ya saini. Hati ya kupokelea irudi ndani ya siku 3 za kazi. Isiporudi, siku ya nne masijala ya siri ipige simu.

Kila waraka uandikwe siku unayozaliwa tarehe ya kupitiwa tena, au tukio litakaloufungua, kwa mfano "baada ya ziara kumalizika". Usio na tarehe haufunguliwi na mtu, maana afisa aliyeufunga ameshahama na aliyerithi kiti anaogopa.

Na mvutano ukizuka baada ya hapo? Muhuri wa mwenye waraka unasimama, mlalamikaji anaandika sababu, na mwenye waraka anajibu ndani ya siku 14. Asipojibu, shauri linakwenda kwa mtu mmoja aliyetajwa kwa cheo, si kwa kamati.

Kabla ya kusaini chochote, tungeni nyaraka 10 za mfano, zisizo na siri ya kweli. Kila taasisi izipange madaraja peke yake, chumba chake, bila ya kushauriana na wenziwe. Zilinganisheni. Waraka ambao watatu wameupa madaraja matatu unaonesha kifungu kilichoandikwa vibaya. Kirudieni hicho, kisha wapeni nyaraka 10 nyengine.