Jimbo la South Carolina lilikataaje ushuru wa forodha wa Marekani mwaka 1832?

Swali: Habari za kazi wakili. Niko mwaka wa pili sheria, tumegusa kidogo ule mgogoro wa South Carolina na serikali kuu ya Marekani kuhusu ushuru. Katiba yao inasema ushuru wa forodha ni wa Bunge la taifa, sasa jimbo lilipata wapi nguvu ya kuukataa? Na kivitendo lingezuiaje, maana anayelipa ni mfanyabiashara, sio jimbo?

Jibu: Salama kabisa. Hilo la pili ndio swali lenyewe, watu wengi wanaishia kwenye hotuba za maseneta Webster na Hayne za 1830 wanasahau kwamba ugomvi wenyewe ulikuwa forodhani.

Ila tuanze na katiba. Ibara ya 1 kifungu cha 8 inalipatia Bunge lao la Congress mamlaka ya kutoza ushuru, hilo South Carolina hawakulipinga. Walichosema ni kwamba ushuru wa kutafuta mapato ya serikali ni sawa, ila ushuru wa kulinda viwanda vya kaskazini haumo humo. Sheria ya 1828 ndio iliwachefua hasa, na ya 1832 ikapunguza kidogo lakini ulinzi ukabaki. John C. Calhoun, ambaye 1828 alikuwa makamu wa rais, akaandika kwa siri hoja kwamba majimbo ndio yaliyoingia mkataba wa muungano kwa hiyo jimbo likiitisha mkutano maalum linaweza kutangaza sheria ya taifa ni batili ndani ya mipaka yake, mpaka robo tatu ya majimbo yabadilishe katiba. Na ujue huyu Calhoun mwaka 1816 aliunga mkono ushuru wa kulinda viwanda, siasa bwana.

Walijiegemeza kwenye maazimio ya majimbo ya Kentucky na Virginia ya 1798, yaliyopinga sheria za taifa zilizoonekana kinyume cha katiba, yaliyoandikwa na Jefferson na Madison. Shida ni kwamba Madison alikuwa bado hai, mzee, na akasema wazi hakumaanisha hivyo. Kwa maoni yangu hapo hoja ilishakufa kisheria, halafu kuna ibara ya 6 inayosema sheria halali ya taifa iko juu ya ya jimbo.

Sasa forodhani. Zamani hizo muagizaji hakuwa analipa keshi papo hapo, alikuwa anasaini bondi, yaani hati ya ahadi ya kulipa, anachukua mzigo, analipa baada ya miezi kadhaa. Asipolipa serikali kuu inabidi iende mahakamani, na huo ndio upenyo wenyewe. Mwaka 1831 pale Charleston, bandari ya South Carolina, wapinzani wa ushuru walishajaribu, wakaleta mzigo wakasaini bondi wakagoma kulipa, wakitaka juri, yaani wananchi wa kawaida wanaoamua kesi, iseme ushuru ni kinyume cha katiba, lakini jaji wa mahakama ya taifa akawaambia cha kuamua ni kama bondi ni yao au sio yao, basi. Wakashindwa.

Kwa hiyo tamko la kubatilisha ushuru la Novemba 24, 1832, pamoja na sheria za jimbo za kulitekeleza, walilisuka vizuri zaidi: kuanzia Februari 1, 1833 ushuru usikusanywe jimboni, mtu akikamatiwa mzigo aende mahakama ya jimbo apewe amri ya kurudishiwa, juri waape kwanza kulitii tamko, na hakuna kukata rufaa Mahakama ya Juu ya Marekani. Unaona sasa? Jimbo halikuhitaji hata kumgusa afisa forodha.

Rais Andrew Jackson akatoa tangazo kali Desemba 10, lakini jibu lake la maana kwangu ni sheria ya Machi 2, 1833. Wengi wanakumbuka ilimruhusu kutumia jeshi, mimi naangalia vifungu vingine: kituo cha forodha kinaweza kuhamishiwa ngomeni au hata melini, ushuru ulipwe taslimu kabla mzigo haujatoka, mzigo ulio mikononi mwa forodha usirudishwe kwa amri ya mahakama ya jimbo, na kesi zihamie mahakama za taifa. Bila bondi hakuna kesi ya kugomea, mtego wote umeisha bila risasi.

Siku hiyo hiyo ukapita mpango wa seneta Henry Clay wa kushusha ushuru taratibu hadi asilimia 20 ifikapo 1842. Ulipofika hapo haukukaa hata miezi miwili, Agosti 1842 wakaupandisha tena.

Kwa nini South Carolina peke yake? Hapa usiamini sana hesabu zao. Mwanasiasa wao McDuffie alikuwa anasema ushuru wa asilimia 40 ni kumnyang'anya mkulima robota 40 za pamba katika kila 100, ametia chumvi, maana bei ilishaanguka tangu 1819, na ardhi yao iliyochoka ilikuwa inashindana na mpya ya Alabama na Mississippi. Louisiana nao wa kusini lakini waliutaka ushuru kwa ajili ya sukari yao. Tofauti kubwa ni kwamba South Carolina watumwa walikuwa wengi kuliko wazungu, na Calhoun mwenyewe kwenye barua ya 1830 alikiri ushuru ni tukio tu lililoamsha jambo, kiini ni utumwa: leo taifa likiweza kuamua ushuru wao kesho litaamua watumwa wao.

Pembeni kidogo, viwanda hivyo hivyo vya kaskazini, eneo la New England, ndio vilivyotoa kitambaa cha merikani kilichojaa Zanzibar, na Septemba 1833 Marekani ikasaini mkataba na Sayyid Said kule Muscat, bidhaa zao zitozwe asilimia 5 tu. Kwao ukuta, kwetu asilimia 5.

Machi 15, 1833 mkutano wa South Carolina ukafuta tamko lake, halafu siku tatu baadaye ukabatilisha ile sheria ya Machi 2 iliyomruhusu Jackson kutumia jeshi, ambayo wakati huo haikuwa na kazi tena. Ukiandika insha yako anzia kwenye kifungu cha malipo taslimu, hotuba utazisoma baadaye.