Nitajuaje kama mwanafunzi yuko tayari kujifunza kuandika programu?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu katika chuo kidogo cha ufundi mkoani Morogoro. Mwezi ujao tunaanzisha kozi ya awali ya kuandika programu za kompyuta kwa lugha ya Python. Walioomba wamezidi 60, nasi tuna kompyuta 24 tu. Wengi wao wamemaliza kidato cha nne, na baadhi hawajawahi kugusa kibodi. Mkuu wangu anataka niwape mtihani utakaowatenga wenye kipaji na wasio nacho. Je, mtihani wa namna hiyo upo?

Mwalimu, Morogoro

JIBU: Ndugu Mwalimu, mtihani huo umetafutwa tangu miaka ya 1950, kampuni ya IBM ilipoanza kuwapima waombaji wa kazi kwa maswali ya mantiki na hesabu, lakini sijauona ambao ningethubutu kuutumia kumfungia mtu mlango. Kisa kinachofaa kumsimulia mkuu wako ni cha Saeed Dehnadi na Richard Bornat wa Chuo Kikuu cha Middlesex, London, ambao mwaka 2006 walisambaza andiko lililodai kwamba swali jepesi, linaloulizwa kabla ya kipindi cha kwanza, laweza kubainisha nani atafaulu na nani atashindwa. Dai hilo lilienea upesi. Mwaka 2014 Bornat mwenyewe aliandika kulitangua.

Hata hivyo, swali lenyewe usilitupe, kwa kuwa lina faida nyingine. Mwandikie mwanafunzi mistari mitatu karatasini: a = 10, kisha b = 20, kisha a = b. Muulize a na b sasa zina thamani gani. Kwa kompyuta, zote mbili ni 20. Asiyefundishwa huweza kujibu kwamba a imekuwa 20 na b imebaki tupu, kana kwamba maji yamehamishwa kutoka ndoo moja hadi nyingine; au kwamba zimebadilishana; au kwamba a sasa ni 30; au atakataa katakata, akisema 10 haiwezi kuwa sawa na 20. Huyo wa mwisho hajakosea aljebra hata kidogo, maana shuleni alama ile tulifundishwa kuisoma "ni sawa na". (Mimi huwaambia wanaoanza waisome "pokea", yaani a ipokee thamani ya b, na mabishano mengi huishia hapo.)

Toa maswali matano au sita ya aina hiyo, ukibadilisha namba na mpangilio, kisha usisahihishe kwa vema na kosa peke yake. Tazama kama mwanafunzi ameshika kanuni moja kuanzia swali la kwanza hadi la mwisho. Aliyehamisha maji kila mara anafikiri kwa utaratibu, na kumrekebisha ni kazi ya kipindi kimoja. Anayebadili kanuni kila swali anahitaji kukaa nawe na penseli, akifuata mstari mmoja baada ya mwingine na kuandika thamani pembeni, kabla hajaketi mbele ya kompyuta.

Maswali yaandike kwa Kiswahili. Ukiyaandika kwa Kiingereza utakuwa umepima Kiingereza, ingawa ni kweli kwamba maneno ya Python na ujumbe wake wa makosa yako katika lugha hiyo; maneno hayo si mengi, na yanafundishika ndani ya kozi. Kuhusu kompyuta, mwombe kila mmoja aandike sentensi mbili, azihifadhi kwenye faili, aifunge, kisha aitafute na kuifungua tena. Atakayekwama apewe siku mbili tatu za mazoezi kabla ya wenzake kuanza.

Uhaba wa mashine utatuliwe kwa ratiba: zamu mbili, wanafunzi wawili kwa kompyuta moja, mmoja akiandika na mwenzake akisoma na kuhoji, kisha wapokezane. Kwa hesabu hiyo kompyuta 24 zinatosha watu 96.

Karatasi za siku ya kwanza zitunze. Wiki ya tatu wape maswali yaleyale, uziweke karatasi mbili za kila mtu sambamba. Ambaye majibu yake hayajabadilika ndiye wa kuketi naye kwanza, kabla hujaingia kwenye vitanzi, yaani amri ambazo kompyuta huzirudia tena na tena.