Maswali Yenu: Kuingia Kikosi cha Anga cha Polisi

*Mimi ni askari wa doria, nina miaka minne kazini. Natamani sana kikosi cha helikopta ila sijui kurusha ndege. Nina nafasi kweli, au najisumbua?*

Nafasi ipo, tena nzuri. Ndani ya helikopta ya polisi huwa kuna rubani na mwangalizi mmoja au wawili. Rubani anaendesha chombo. Kazi yenyewe ya polisi inafanywa na mwangalizi. Ndiye anayezungusha kamera, anayefuata ramani, anayesikiliza redio zaidi ya moja kwa wakati mmoja na kuwaongoza askari walio chini. Ndiyo maana vikosi vingi humtafuta kati ya askari waliokwisha kukaa doria miaka kadhaa: mtu anayekimbia hukata kona wapi, hujificha wapi, hayo hujifunzi ukiwa angani.

Kwenye usaili jiandae kwa mambo matatu. La kwanza ni ramani. Utatajiwa makutano ya barabara, uyatafute na kueleza njia huku unaulizwa jambo lingine kwenye redio. Wengi huangushwa na ulimi, si macho. Mtu anasema "yuko pale kulia!" wakati helikopta inazunguka, na askari wa chini kageukia upande mwingine kabisa. Kulia kwa nani? Sema hivi: "Mtu mmoja, anaelekea kaskazini, nyuma ya nyumba ya tatu kutoka kona, upande wa mashariki wa barabara." Dira haigeuki na mtu.

La pili ni tumbo. Utapandishwa, mzunguke duara finyu huku umeinamia skrini. Macho yanaona picha iliyotulia, sikio la ndani linahisi mzunguko, ubongo unachanganyikiwa na kichefuchefu kinaanza. Inua macho utazame upeo wa mbali kila baada ya muda mfupi, kula chakula chepesi kabla, na usimeze dawa yoyote bila ruhusa ya daktari wa anga, kwani nyingi za kichefuchefu huleta usingizi. Wengi huzoea baada ya safari kadhaa. Asiyezoea ni vema ajue mapema.

La tatu ni uzito, nalo watu hulichukulia kama dharau. Ni hesabu tu. Helikopta ina kikomo cha uzito wa kuruka, kwa hiyo kilo za mtu zinaweza kupunguza kilo za mafuta. Chombo kinachokula kilo 200 za mafuta kwa saa, ukiongeza kilo 20 za mwili na vifaa, umepoteza dakika sita za kukaa juu ya tukio. Kajipime ukiwa na kofia, fulana ya kujiokoa na buti, si asubuhi bafuni.

*Kamera ya joto inaona mtu aliye ndani ya nyumba?*

Haioni. Inapima joto la uso wa kitu, na ukuta unaficha kilicho nyuma yake. Hata kioo cha dirisha huizuia. Mtu akisimama nyuma ya kioo safi, kamera inaona joto la kioo. Nyakati ngumu ni asubuhi na jioni, pale joto la ardhi linapokaribiana na la mwili na picha yote kuwa ya kijivu. Mvua kubwa na ukungu nazo huiharibu. Chini ya miti, helikopta huzunguka ili kamera ichungulie kwenye mianya ya majani kutoka kila pembe.

Kosa la wanafunzi hapa linajulikana: wanaona umbo jeupe kwenye skrini, wanatangaza "amevaa nguo nyeupe". Weupe ule ni joto. Kamera hiyo haijui rangi ya shati.

*Nina leseni ya rubani wa biashara wa helikopta. Mbona wanasema saa zangu hazitoshi?*

Kiwango cha kimataifa cha leseni hiyo ni saa 150, au 100 kwa aliyesoma kozi kamili iliyoidhinishwa. Inakupa haki ya kulipwa, haikupi uzoefu wa kuzunguka usiku, chini na polepole, juu ya nyaya za umeme. Upepo ukikupiga kwa nyuma au ubavuni kwenye mwendo mdogo, panga za mkiani zinaweza kushindwa kuzuia helikopta isijizungushe. Ukishuka wima kwa kasi bila mwendo wa mbele, unazama kwenye hewa uliyoisukuma mwenyewe, na kuongeza nguvu kunazidisha tatizo. Halafu kuna mawingu: kuingia bila kutarajia kumeua marubani wengi. Waajiri wanataka saa nyingi zaidi, hasa za usiku. Baadhi ya vikosi huajiri marubani raia. Vingine huwafunza askari wao wenyewe kuwa marubani. Uliza ni kipi kabla hujalipa ada ya shule.

*Mwangalizi anahitaji kuijua ndege yenyewe?*

Anahitaji, na hapa hatuna mzaha. Tarehe 29 Novemba 2013 helikopta ya polisi aina ya EC135 iliangukia baa mjini Glasgow, Uskoti. Watatu waliokuwa ndani na saba waliokuwa kwenye baa walikufa. Uchunguzi ulikuta bado ina kilo 76 za mafuta, lakini 73 zilikuwa kwenye tangi kuu, na pampu za kuyapeleka kwenye matangi madogo yanayolisha injini zilikuwa zimezimwa. Taa za onyo zilikuwa zimewaka. Mwangalizi anayeweza kusoma kipimo cha mafuta na kuuliza "pampu?" ni jozi ya pili ya macho.

*Navaa miwani. Na je, droni hazitaua kazi hii?*

Miwani kwa kawaida si kizuizi ikiwa uoni unarekebishika. Kutotofautisha rangi ndiko kunakowakwamisha watu. Droni zimechukua misako midogo, ila betri nyingi huisha ndani ya nusu saa hivi na upepo huzisumbua. Kitengo cha droni kikiwepo kituoni kwenu, jiunge nacho kwanza: kamera ya joto, ramani na lugha ya redio ni zilezile, na utakuwa na cha kuonyesha kwenye usaili.