Mikesha mitatu kwa juma, na baba watoto hasemi nami tena

*Shangazi, Bwana asifiwe. Nina miaka 31, nakaa Kadutu, hapa Bukavu, nauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, sokoni. Niliokoka mwaka jana katika chumba cha maombi cha karibu na kwetu, na tangu siku ile sitaki kumpa Mungu nusunusu. Nakesha Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Kila mwezi nafunga kavu siku tatu. Mwezi uliopita nilitoa mtaji wangu wote, dola 60, kama sadaka ya mbegu. Mume wangu ni Mkatoliki. Amesema nimeolewa na kanisa, na sasa hasemi nami kabisa. Mtoto wa mwisho ana miezi minane, bado ananyonya. Sokoni nawahubiria wateja na majirani wa meza, lakini wananikimbia. Kiongozi wetu anasema asiyehubiri atadaiwa damu ya watu. Nikipunguza nitakuwa vuguvugu? Na nitamleta vipi mume wangu kwa Yesu?*
*— Mwenye Kiu, Kadutu*

Asifiwe, mama. Nianze na mtoto, maana yeye hawezi kungoja tumalize mambo ya Biblia.

Mama anayenyonyesha hafungi kavu. Acha leo hii. Unapanda na kushuka vilima vya Kadutu na beseni kichwani, unashinda juani, na siku tatu hata tone la maji halipiti kooni. Mwili ukikosa maji, kwanza kichwa kinauma na mkojo unakuwa mzito, wa rangi ya chai. Kisha kinakuja kizunguzungu na moyo kwenda mbio. Ukizidisha, figo zinaumia. Na mtoto asiposhiba atalia usiku, na wa kumbembeleza ni baba yake, wewe uko mkeshani. Unadhani kilio hicho anakisikia kama injili?

Kufunga kuna namna nyingi. Acha chakula cha mchana siku moja kwa juma, maji uendelee kunywa vizuri, na ile nusu saa ya kula uitumie kusali. Ukiona hata hiyo inakulegeza, acha sukari au soda badala ya chakula. Danieli kwa majuma matatu aliacha vyakula vitamu, nyama na divai (Danieli 10:3), na hakuna aliyemwita vuguvugu. Jioni usifungulie bonge la bugali. Anza na uji mwepesi, pumzika kidogo, ndipo ule. Na uwaambie wenzako wa chumba cha maombi: anayemeza dawa za virusi vya UKIMWI, za kifua kikuu, za sukari au za presha asiache hata kidonge kimoja kwa ajili ya kufunga. Dawa za virusi zikirukwarukwa, ugonjwa unazizoea, na baadaye hazisaidii tena.

Ukipata nafasi soma Isaya 58 yote, polepole. Ni sura ya kufunga. Mungu anawauliza watu waliojitesa kwa njaa kama wamewagawia wenye njaa chakula chao, na katika mstari wa 7 anaongeza jambo ambalo mahubiri mengi ya kufunga yanaliruka: usijifiche na mtu wa damu yako mwenyewe. Sasa hesabu usiku uliojificha na watoto wako mwezi huu.

Tuje kwenye neno vuguvugu, maana ndilo linalokutisha. Limetoka Ufunuo 3, katika barua ya kanisa la Laodikia. Soma mstari wa 17 uone kosa lao lilikuwa nini: walisema sisi ni matajiri, hatuna haja ya kitu. Mikesha haikutajwa. Vuguvugu ni mtu aliyeshiba nafsi yake, na wewe, kwa barua hii, bado una njaa. Hofu hiyo iweke chini.

Amri ya kumpenda Mungu kwa moyo wote, kwa roho yote na kwa nguvu zote iko Kumbukumbu la Torati 6:5. Watu wanaikariri, kisha wanafunga kitabu. Mistari miwili mbele, Mungu mwenyewe anaonyesha amri hiyo itatimizwa wapi: uwafundishe watoto wako, ukiyanena uketipo nyumbani, utembeapo njiani, ulalapo na uondokapo. Nyumbani, njiani, kitandani, asubuhi. Moyo wote unaanza ndani ya saa ulizo nazo tayari, kabla hujaenda kutafuta nyingine usiku.

Basi ratiba yako ninavyoiona mimi. Kila siku, saa kumi na moja alfajiri, kabla hujawasha makaa: dakika ishirini. Zaburi moja kwa sauti ndogo, ukimya kidogo, kisha majina: mume, kila mtoto kwa jina lake, na mtu mmoja wa sokoni. Jioni dakika tano na watoto kabla hawajalala: wimbo mmoja, kisa kimoja cha Yesu, sala fupi ambayo mtoto mwenyewe anaisema. Ibada ya Jumapili. Mkesha mmoja kwa mwezi, nao kwa makubaliano, maana 1 Wakorintho 7:5 inasema wazi kwamba mume na mke wasinyimane, isipokuwa wamepatana kwa muda ili wasali, kisha warudiane. *Wamepatana.* Mikesha mitatu kwa juma ambayo mwenzio hakuikubali iko nje ya mstari huo. Na ukienda, lala huko mpaka kupambazuke. Kurudi saa tisa usiku kwenye barabara za mji huu si imani. Mtoto naye asilazwe kwenye saruji bila chandarua. Malaria haiheshimu mkesha.

Fedha. Hapa sitakuficha: mtaji si sadaka. Hata Torati, inapodai zaka (Kumbukumbu 14:22), inadai sehemu ya kile mbegu ilichozaa. Mkulima wa kule Walungu akipeleka madhabahuni maharage aliyoweka ya kupanda, msimu ujao hana cha kuvuna wala cha kutoa. Paulo naye anaweka kipimo: utoaji hukubaliwa kwa kadiri ya alichonacho mtu, si kwa kadiri ya asichonacho (2 Wakorintho 8:12). Anayekuambia utoe cha mwisho ili Mungu alazimike kukurudishia, anakufundisha kumfanyia Mungu biashara.

Tafuta makopo matatu: la mtaji, la nyumba, la sadaka. Tuseme unanunua beseni kwa dola 40, unaliuza kwa 50, usafiri na ushuru wa soko vinakula dola 3. Arobaini zinarudi kopo la mtaji, na hazitoki hata nabii akilia machozi. Faida ni dola 7. Fungu la kumi lake ni senti 70, geuza faranga ufurahi nayo. Ili urudishe mtaji, usikope kwa mtu wa riba. Kama kuna MUSO, kikundi cha majirani cha kuweka akiba na kukopeshana, katika avenyu yenu, ingia: sanduku la kijani ni la mikopo ya wanachama, jekundu ni la kusaidiana kwenye magonjwa na misiba. Utaanza na hisa ndogo na kungoja zamu yako, lakini hutauza sambaza za mtu mwingine maisha yako yote.

Halafu mume wako. Kwa kuwa zile dola 60 zilikuwa pia bugali la watoto wake, kazi yako ya kwanza ya uinjilisti ni sentensi mbili, uziseme ukiwa umekaa, bila kujitetea: "Baba fulani, nilitoa fedha ya nyumba bila kukuuliza. Nisamehe." Usiongeze "lakini Mungu". Neno lile "lakini" linafuta yote.

Baada ya hapo, mwezi mzima usimhubirie. Petro aliandika (1 Petro 3:1) kwamba mume asiyeliamini Neno huvutwa pasipo neno, kwa mwenendo wa mke. Na huyu wako si mtu wa kusema haamini! Anajua Baba Yetu, anajua Kanuni ya Imani, amebatizwa. Ukimwambia Wakatoliki hawamjui Mungu, unamtukana pamoja na mama yake, na unasema jambo ambalo mji huu unajua si kweli. Askofu Mkuu Mkatoliki Christophe Munzihirwa angeweza kuondoka vita ilipokaribia. Alibaki na watu wake, akauawa hapa Bukavu tarehe 29 Oktoba 1996. Waulize wazee wa Kadutu, bila kujali wanasali wapi, kama yule hakumjua Mungu.

Mwombe yeye aongoze sala ya chakula. Jioni moja mfuate kwenye shirika lake, ile jumuiya ndogo ya Wakatoliki wa mtaa. Ukae, usikilize, usisahihishe kitu. Mwezi ukiisha na akiwa anazungumza tena, mwambie mngesoma pamoja Injili ya Marko. Ina sura 16, sura moja kwa jioni, nyingi hazizidi dakika kumi. Yeye asome, wewe ushike mtoto. Mwisho wa kila sura maswali mawili tu: Yesu amefanya nini hapa? Na sisi tungefanya nini kesho? Akileta habari za Bikira Maria, usigeuze sebule kuwa mahakama. Rudini kwenye sura. Wengi wanaharibu hapohapo. Kusoma kunaanza vizuri, jioni ya tatu mtu anataka kushinda ubishi, ya nne kitabu kimefungwa. Na ujue tangu sasa kwamba anaweza asihamie kanisani kwenu kamwe. Hukutumwa kumhamisha.

Soko nalo lina mambo yake. Kabla ya mahubiri, angalia kikombe chako cha kupimia sambaza. Kigeuze. Kama kitako kimebonyezwa kwenda ndani, kama vile wengi wanavyofanya, kila mteja ameshahubiriwa na kile kitako, na mdomo wako hautashinda. Mithali 11:1 inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana. Nunua kikombe kizima; faida itapungua kidogo, na kwa siku chache utaumia.

Mteja anayechagua samaki huku motari, dereva wa pikipiki, anamngoja hana nafasi ya kusikia habari za jehanamu. Muuzie, mshukuru, mwache aende. Saa ya maneno ni ile ya mchana, soko limelegea, jirani ameketi kwenye ndoo yake. Anza kwa kuuliza, kisha nyamaza. Filipo alipolikuta gari la yule Mwethiopia (Matendo 8:30) alianza na swali: unaelewa unachosoma? Akangoja aalikwe kupanda. "Mama, mtoto wako aliyekuwa na homa ameamkaje?" Hilo ni swali zuri kama la Filipo, mradi ulikumbuke na kesho. Akikuambia shida yake, uliza kama anapenda umwombee papo hapo. Akikataa, sema sawa, na usinune. Akikubali, sala ya nusu dakika, sauti ya kawaida, macho wazi kama anaona haya.

Ushuhuda wako uandike kwenye daftari, ukurasa mmoja usizidi, ambao ukiusoma unamalizika kwa dakika tatu. Sehemu ya kwanza, ulivyokuwa: mistari mitano inatosha, maana watu wanapenda kukaa sana kwenye dhambi za zamani mpaka msikilizaji anakumbuka hizo tu. Ya pili, ni nini Yesu alifanya, kwa nini alikufa na akafufuka, na ulimwamini vipi. Hapa ndipo penye uzito. Ya tatu, kilichobadilika, pamoja na ambacho bado hakijabadilika. Kisha futa kila neno ambalo muuza nyanya asiyeingia chumba chenu hatalielewa: upako, madhabahu ya ukoo, kufunguliwa. Usiahidi uponyaji, viza wala mume. Ahadi isipotimia, atakayeitwa mwongo ni Yesu.

Na ile damu inayodaiwa? Iko Ezekieli 33. Mlinzi anadaiwa akiona upanga unakuja na kunyamaza kimya. Akiisha kuonya, mstari wa 9 unasema ameiokoa roho yake, hata kama aliyeonywa hakugeuka. Haikuandikwa apige tarumbeta masikioni mwa mtu yuleyule kila asubuhi.

Kiongozi wako mwendee mchana, ukiwa na mama mwingine anayeheshimika pale. Mwambie kwa adabu: ninanyonyesha, sitafunga kavu, nimepatana na mume wangu kukesha mara moja kwa mwezi, sadaka yangu itatoka kwenye faida. Hakuna haja ya kuomba ruhusa wala kubishana. Mchungaji mwema atakubariki, na huenda akajuta kwamba hakukuuliza habari za mtoto mapema. Akikutisha kwa laana, hilo limekuonyesha alikuwa analinda nini. Tafuta kanisa lingine ambalo hesabu za sadaka husomwa mbele ya washirika na wazee wanaweza kumkosoa mchungaji.

Mkesha wa kwanza wa utaratibu huu uwe Ijumaa ya mwisho wa mwezi, baba watoto akikubali. Asipokubali, salini wawili nyumbani dakika kumi, kisha mlale.